Nani Alikunja?

Mama Mukubwa aliitazama video yote akiwa kwenye kiti chake cha plastiki, uani kwetu Kamalondo, Lubumbashi, miwani imeteremka puani, simu yangu ameishika kwa mikono miwili. Aliniona nimeketi mlangoni mwa ndege, miguu inaning'inia nje, mzungu mmoja amefungwa mgongoni kwangu. Aliniona naanguka. Aliiona bahari inazunguka chini yetu, kisha kitambaa cha parachuti kikafunguka juu ya vichwa vyetu. Watoto wa jirani walipiga kelele. Binamu yangu akatangaza kwamba tangu leo nisichezewe.

Mama Mukubwa hakusema kitu. Alirudisha video nyuma kwa kidole, akaisimamisha pale kitambaa kinapotoka mgongoni, akaniuliza:

"Nani alikunja?"

Nikasema ni watu wa kule.

"Batu gani? Jina yake nani?"

Jina sikuwa nalo.

Mama Mukubwa anauza vikwembe, yaani vitenge, katika soko la Kenya tangu kabla sijazaliwa. (Hii ni Kenya ya komini, mtaa wa Lubumbashi kwetu. Niliporukia ni Kenya ya nchi, pwani ya Diani.) Kitambaa kikipita mikononi mwake anajua kama aliyekikunja alikuwa na haraka, au alikuwa anaongea na simu, au alifundishwa na mama yake. Watu wote walioitazama ile video waliniuliza kama niliogopa. Yeye peke yake aliuliza swali la mtu wa kazi.

Limenikaa kichwani wiki nyingi. Ndilo lililonifanya nirudi Diani, na ndilo lililonifanya niandike haya.

Mbingu ya Kolwezi

Sina haja ya kuwaeleza watu wa kwetu vita ya siku sita, ile ya waasi walioingia Kolwezi. Nitasema tu kwamba mwaka 1978 Mama Mukubwa alikuwa msichana wa Manika, komini ya Kolwezi, na alasiri ya Ijumaa tarehe 19 Mei aliwaona wanajeshi wa Kifaransa wakishuka juu ya mji.

"Mbingu ilijala batu," huwa anasema. "Banakuya kutuokoa ao kutuua, hatukuyua."

Kwa hiyo ndani ya nyumba yetu, mtu anayeshuka kutoka mbinguni si mtu wa michezo. Ni habari mbaya, au ni habari njema iliyochelewa. Nilikua nikilijua hilo bila kuambiwa. Ndege ikipita chini chini, mama zangu walikuwa wanatoka ndani kuangalia, na mazungumzo yalikuwa yanasimama.

Baada ya lile swali nilianza kusoma habari za siku ile, na nikakuta jambo ambalo sikulijua. Wanajeshi wale wa kikosi cha pili cha parachuti cha Lejioni, jeshi la Kifaransa la askari wa kigeni, hawakuruka na parachuti zao. Walifika Kinshasa bila hizo, wakapewa za jeshi la Zaire, za Kimarekani aina ya T-10, ambazo hawakuwa wamezizoea. Hata namna ya kufunga mizigo yao haikulingana nazo, ikabidi watafute njia ya kuifunga hivyo hivyo. Wakaruka kutoka chini sana, ili wasikae hewani muda mrefu wakipigwa risasi.

Mama Mukubwa alikuwa anawatazama watu waliokuwa mikononi mwa wakunjaji wasiowajua.

Nilipomwambia hivyo alinyamaza, kisha akasema, "Maskini. Na bao walikuwa batoto ya batu."

Nilichofanya mara ya kwanza

Watu wa Lubumbashi wanaoniandikia wanataka kujua kuhusu mara ya kwanza, kwa hiyo nitaisema upesi. Wengi huanza kwa kuruka wawili. Mwanafunzi anafungwa mbele ya mwalimu kwa ndoano nne, mbili mabegani na mbili nyongani. Unapewa mafunzo mafupi. Unapimwa uzito, kwa maana vifaa vina kikomo. Kama ulizama baharini na mitungi ya hewa, unaambiwa ungoje. Ushauri wa kawaida ni saa 24. Halafu unapanda.

Kazi yangu mle ilikuwa ndogo mno. Nisukume kiuno mbele, niinue kidevu, nikunje miguu nyuma. Wakati wa kutua niinyanyue miguu. Basi.

Mengine yote aliyafanya mwalimu. Mara tu tulipotoka, alirusha parachuti ndogo inayobaki nyuma yenu muda wote wa kuanguka. Watu wawili waliofungwa pamoja ni wazito. Bila ile ndogo wangeshuka kwa kasi iliyopita kiasi, na ile kubwa ingefunguka kwa kishindo cha kuumiza. Ikiwepo, kasi inabaki karibu kilomita 200 kwa saa. Kisha, kwenye mita elfu moja mia tano na kitu, hiyo hiyo ndogo inaachiwa na kuivuta kubwa itoke.

Nilifurahi. Nilifurahi sana, na sitaki mtu afikiri nadharau furaha ile. Kuna upepo ule unaokujia kifuani mpaka unasahau kwamba unaanguka, kwa sababu tumbo halishtuki kama kwenye gari linalovuka tuta. Kuna ukimya unaokuja ghafla kitambaa kinapofunguka. Niliona mstari mweupe wa mawimbi yakivunjika kwenye miamba mbali na ufuko, na maji ya kijani upande wa ndani.

Lakini mimi nilibebwa.

Kazini kwangu, kwenye mgodi mmoja wa njia ya Likasi, nashughulikia usalama. Mtu hapandi juu ya mtambo kabla sijaona mikanda yake, na kila mkanda una kibandiko chenye tarehe ya ukaguzi na jina la aliyekagua. Asiye na kibandiko anashuka, hata akiwa mkubwa wangu. Ndiyo maana swali la Mama Mukubwa liliingia ndani namna ile. Ni swali langu mwenyewe, limetoka kinywani mwa mtu ambaye hajawahi kuona mgodi kwa ndani.

Sauti kutoka Diani

Nilimwandikia mwalimu aliyenirusha, nikamweleza. Hakucheka. Alinipa namba ya kijana mmoja anayekunja parachuti pale, nami nikamtumia ujumbe nikimuuliza kama anakumbuka ile siku.

Akanijibu kwa sauti, ya dakika kadhaa, upepo unavuma nyuma yake.

"Dada, ile kubwa ni mimi niliyeikunja. Nakumbuka kwa sababu siku ile tulikuwa wawili tu. Ile ya akiba si yangu, ile siruhusiwi kuigusa. Ile ni ya fundi mwenye leseni. Mwambie mama aulize hiyo ya pili pia, ni haki yake."

Kisha akaeleza, hatua kwa hatua, na mimi nikamchezea Mama Mukubwa ujumbe wote.

Anailaza parachuti chini. Anafuata kamba kutoka kwenye mikanda mpaka kwenye kitambaa, ahakikishe hazikusokotana na hakuna iliyolika. Anafunga breki, zile kamba za kuongozea, mahali pake. Kuna kipande cha kitambaa chenye pete nne, kamba zote zinapita humo. Anakipandisha juu kabisa mpaka kiguse kitambaa kikubwa. Hicho ndicho kinachochelewesha ufunguzi, kwa sababu hewa inakisukuma juu wakati kitambaa kinataka kutanuka, navyo vinashindana mpaka kinateremka polepole na parachuti inafunguka kwa sekunde chache badala ya mara moja. Ukisahau kukipandisha, mrukaji atapigwa na ufunguzi wenyewe. Kisha anakunja upande kwa upande, anatoa hewa kwa magoti na kifua, anaingiza kwenye mfuko, kamba anazipanga mizunguko mizunguko ndani ya raba. Mwisho ni pini. Pini moja tu inafunga kila kitu, na kila mtu anayepita nyuma yako kabla ya kupanda ndege ana haki ya kuitazama.

Mama Mukubwa alisikiliza hadi mwisho. Aliporudia kusikiliza sehemu ya magoti na kifua, mikono yake ilikuwa inakunja hewa.

"Iko na batoto?" akauliza.

Nikamuuliza kijana. Anao wawili.

"Basi," akasema Mama Mukubwa, na akaenda kugeuza bukari, ugali wa kwetu.

Mimi sikuweza kusema basi. Ile ya akiba ilibaki kichwani. Nikauliza zaidi na nikaelewa kwamba kila mfuko wa mrukaji una parachuti mbili, na hizi mbili zina maisha tofauti kabisa. Kubwa inakunjwa baada ya kila mruko, mkunjaji hodari anaimaliza kwa dakika chache. Ya akiba inaweza kukaa miezi bila kufunguliwa. Fundi anaikagua na kuikunja kwa saa nzima na zaidi, anatia uzi na sili ya madini ya risasi, anaandika tarehe na kutia saini kwenye kadi inayokaa humo humo mfukoni. Marekani sheria inataka irudiwe kila baada ya siku 180, hata kama haikutumika. Nchi nyingine zina muda wao.

Kadi ile unaweza kuomba uione. Mtu yeyote anaweza.

Mnara wa hekalu

Mzee mmoja wa kanisani kwetu alinishika mkono baada ya ibada. Alikuwa ameiona video, kama kila mtu. Akanikumbusha jinsi shetani alivyompandisha Yesu juu ya mnara wa hekalu akamwambia ajitupe chini, malaika watamdaka, na Yesu akakataa.

Sikumjibu siku ile. Namheshimu, na hoja yake si nyepesi. Nilitembea nayo siku nyingi kuliko nilivyotembea na hofu ya kuanguka.

Ninavyoona sasa, kilichokataliwa pale juu ni kumlazimisha Mungu afanye kazi ya mikono. Ajitupe, halafu wengine wahangaike. Mtu anayeingia chini ya ardhi kuchimba shaba naye anaingia mahali ambapo mwili wa binadamu haukuumbiwa, na hakuna anayemwambia anamjaribu Mungu, mradi ameweka nguzo. Asipoweka nguzo, ndipo tunapomlaumu. Wachimbaji wadogo wanaofukiwa huku kwetu hatuwazi juu ya imani yao. Tunauliza nguzo zilikuwa wapi.

Kuna swali moja la mzee sijalijibu, nalo ni gumu zaidi: mchimbaji anashuka kwa ajili ya chakula, wewe unapanda kwa ajili ya nini?

Nilikuwa na namba mkononi, kwa maana nilikuwa nimezitafuta. Chama cha warukaji cha Marekani, USPA, kiliripoti kwamba mwaka 2023 walikufa watu 10 nchini humo katika miruko inayokaribia milioni 3.65. Namba nzuri. Na ukisoma ajali zenyewe, sehemu kubwa ya wanaokufa hufa parachuti ikiwa imefunguka vizuri, kwa kugeuza vibaya karibu na ardhi, na mara nyingi ni watu wenye uzoefu. Lakini namba haijibu "kwa ajili ya nini". Nilichoweza kujiambia ni kwamba sikutaka tena kubebwa. Nilitaka kuona kama yale ninayowahubiria watu mgodini kila asubuhi yanashika mahali ambapo hakuna wa kumwita.

Siku nzima ardhini

Kozi ya kuruka peke yako kwa njia ya haraka, ile wanayoiita AFF, ilianzishwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Jina lake linadanganya. Haraka yake si ya siku ya kwanza. Siku ya kwanza huoni ndege ila ikiwa imeegeshwa.

Unalala kifudifudi juu ya kigari na kupinda mwili. Unajifunza kuangalia upeo wa macho, kisha altimeta mkononi, kisha mwalimu, na kurudia. Altimeta ndiyo inayokuonyesha kimo: inapima shinikizo la hewa na inasetiwa sifuri pale utakapotua. Unajifunza ishara za vidole, maana huko juu hakuna maneno. Unajifunza kuangukia nyayo, kisha upande wa mguu, paja, tako, mgongo, miguu imebanwa pamoja, mara nyingi hadi jioni nyonga zinauma.

Na unaning'inizwa.

Hapo ndipo kozi ilipobadilika kwangu. Wanakufunga kwenye mikanda iliyotundikwa darini, wanakuinulia picha, na unatakiwa kusema na kutenda papo hapo. Picha ya kwanza: parachuti nzuri. Ni kubwa? Ni ya mstatili? Inaongozeka? Nzuri, endelea. Picha ya pili: kamba zimesokotana lakini kitambaa ni kizuri, piga mateke kama unaendesha baiskeli mpaka zifunguke. Ya tatu: kitambaa kimejikunja, kinazunguka kwa kasi. Hapo unatazama kishikio chekundu upande wa kulia, unakishika, unatazama cha chuma upande wa kushoto, unavuta chekundu mpaka mwisho wa mkono, kisha cha chuma. Chekundu kinaiachia parachuti mbovu, kupitia pete tatu ndogo kila begani, ubunifu wa Bill Booth wa miaka ya 1970 unaofanya uzito wote ule uachiwe kwa nguvu ya mkono mmoja. Cha chuma kinaita ya akiba.

Tena. Tena. Tena.

Mwalimu hakuwa akinifundisha kufikiri. Alikuwa anahakikisha kwamba kufikiri kumekwisha kabla sijapanda. Alinionyesha hesabu ubaoni: ukianguka kilomita 200 kwa saa, unapita zaidi ya mita 50 kila sekunde. Kisha akachora mstari. Kwa mwanafunzi, kanuni za Kimarekani zinaweka kimo cha uamuzi kwenye futi 2,500, kama mita 760. Parachuti yenye shaka ikikufikisha hapo, unaiachia. Huijaribu mara moja zaidi. Huipi nafasi.

"Juu ya mstari huu unaweza kutengeneza," akasema. "Kwenye mstari umeshaamua. Uliamua leo, hapa, ukiwa na chai mkononi."

Niliandika sentensi ile kwenye daftari langu la kazi, si la safari.

Chini zaidi ya mstari ule kuna kifaa kidogo kinachosubiri ndani ya mfuko. Kile kinachojulikana zaidi, Cypres, kilibuniwa na Mjerumani Helmut Cloth na kikaanza kuuzwa 1991. Kwa mrukaji wa kawaida, akipita karibu mita 225 juu ya ardhi bado anaanguka kwa kasi, kinakata kitanzi cha parachuti ya akiba ili ifunguke yenyewe. Nilimuuliza mwalimu kwa nini basi tuhangaike na vishikio. Alisema kifaa kile kimewekwa kwa ajili ya mtu aliyezimia au aliyegongwa kichwa. Anayepanga kukitegemea hampandishi ndege.

Jioni, kabla jua halijazama, nilikwenda kukaa karibu na yule kijana. Alikuwa anakunja. Alinisalimia kwa jina, akauliza hali ya mama, akaninyooshea kamba nizifuate mwenyewe kwa vidole. Tulipomaliza akanionyesha mfuko ambao ningevaa asubuhi, akafungua kimfuko kidogo, akatoa kadi. Tarehe. Saini. Niliisoma polepole.

Nikapiga picha ya tarehe nikamtumia Mama Mukubwa.

Mlangoni

Niliogopa kuliko mara ya kwanza. Mara ya kwanza sikuwa na cha kusahau.

Katika hatua ya kwanza ya kozi hii, walimu wawili wanatoka na wewe, mmoja kila upande, wamekushika mikanda tangu mlangoni. Hawakubebi. Mfuko uko mgongoni kwako, kishikio cha kufungulia parachuti kubwa kiko chini ya mkono wako. Niliangalia mwalimu wa ndani, akatikisa kichwa. Niliangalia wa nje, akatikisa kichwa. Juu, chini, nje.

Sekunde za mwanzo ni kelele tupu. Kisha mwili ukakumbuka. Upeo wa macho, altimeta, mwalimu wa kulia, mwalimu wa kushoto. Mmoja alininyooshea vidole viwili: nyoosha miguu. Nikanyoosha, na lile tikisiko likaisha mara moja, na hapo ndipo nilipojua kwamba hewa inashikika, kwamba miguu yangu ilikuwa usukani. Nikapeleka mkono nyuma kugusa kishikio kwa mazoezi, nikarudisha. Tena. Tena.

Sindano ilipokaribia mita 1,700 nikapunga mikono kuashiria, nikashika, nikarusha.

Walimu waliondoka. Au mimi ndiye niliyeondoka. Kwa macho yangu wao walizama.

Ni kubwa. Ni ya mstatili. Nikafungua breki, nikavuta kulia, ikaenda kulia. Nikavuta kushoto, ikaenda kushoto. Nilisema kwa sauti, kwa Kiswahili cha nyumbani, "Iko muzuri," na hapakuwa na mtu wa kunisikia.

Redio ndani ya kofia ikaanza kuniongoza: nenda na upepo, sasa kata, sasa uelekee upepo unakotoka. Usiangalie ardhi chini ya miguu, angalia mbele. Mita tatu, nne, vuta breki zote mbili. Nilitua kwa miguu, nikapiga hatua, nikaenda chini kwa goti moja. Hewa ya usawa wa bahari ni nzito na inakubeba vizuri. Mwalimu aliniambia kwamba katika viwanja vya juu, kama vile vya nyanda zetu za Katanga zilizo zaidi ya mita 1,200, parachuti ile ile hutua kwa kasi kubwa zaidi. Anayeweza kuchagua aanzie chini.

Yanayobaki

Siku iliyofuata upepo ulikuwa mkali na wanafunzi hawakupandishwa. Waliobobea waliruka. Sisi tulikaa chini. Niliona mwanamume mmoja aliyetoka mbali akibishana, anataka kurushwa kwa sababu ndege yake ya kurudi ni kesho. Hawakumpandisha. Niliipenda shule ile zaidi siku ambayo sikuruka.

Sasa niko nyumbani na hesabu iko mezani. Kozi kamili ina hatua saba au nane, na leseni ya kwanza, ile ya A kwa kanuni za Marekani, inataka miruko 25. Kukunja parachuti yako mwenyewe ni sehemu ya mtihani huo. Gharama yake yote kwa mshahara wa huku ni kitu ambacho siwezi kukitamka mezani kwa Mama Mukubwa bila kuangalia chini. Septemba watoto wa marehemu kaka yangu wanaingia darasani, na minervali yao, ada ya shule, iko juu yangu. Swali la yule mzee wa kanisani linarudi hapo, na namna linavyorudi si ya kiroho: dola hizi ni za nani?

Nimeamua minervali itangulie. Nilimwandikia mwalimu kwamba hatua ya pili haitawezekana mwaka huu, na nikamuuliza kama ile ya kwanza itahesabiwa nikichelewa. Alijibu kwamba inahesabiwa, lakini mwanafunzi aliyekaa zaidi ya siku 30 bila kuruka anarudi kwanza kwenye mafunzo ya ardhini: vishikio, picha, kuning'inia darini.

Nimemwambia anipangie Januari, na anipe siku nzima ya darasa kabla ya kunipandisha.